Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kuweka Debian kwenye seva ya manjano ya Google

Tangu niweke Debian (mfumo wa Linux wa bure) kwenye lile boksi la manjano watu wananiuliza mambo yaleyale, mmoja leo mwingine kesho, afu majibu yanapotea kwenye meseji, so nimeona niyaandike yote sehemu moja. Ninayoiongelea ni Google Search Appliance aina ya GB-7007. Ukiifungua ndani ni seva ya Dell PowerEdge R710 kabisa, kwa hiyo hata kama una R710 ya kawaida mengi humu yatakufaa, ruka tu pale kwenye paswedi.

Hivi hilo boksi la manjano ni la nini hasa?

Google walianza kuyauza mwaka 2002. Kampuni au chuo kinanunua boksi, kinalichomeka kwenye netiweki yake, lenyewe linapita kwenye mafaili na kurasa zote za ndani, linajiwekea orodha yake, baada ya hapo wafanyakazi wanatafuta vitu vya ofisini kwao vilevile kama wanavyotafuta Google ya nje. Lilikuwa na mdogo wake wa bluu, Google Mini, huyo alitoka 2005 akasimamishwa 2012. Ulikuwa unalipia leseni ya muda fulani na idadi fulani ya nyaraka, muda ukiisha basi, halitafuti tena. 2016 wakatangaza kwamba wanaachana na biashara hiyo.

Sasa hapo ndipo panaponiuma. Kilichokufa ni leseni. Chuma kizima, prosesa mbili za Xeon, ramu ya kutosha, feni zinazunguka vizuri, halafu mtu anakiuza kwa kilo kama vyuma chakavu. Mi siwezi kuona hivyo nikanyamaza.

Si kuna Linux humo tayari? Kwa nini nisitumie hiyohiyo?

Ndiyo ipo, ila imefungwa. Huna akaunti ya root, huna leseni, na ni ya zamani sana kwa usalama wa leo. Usipoteze siku kujaribu kuivunja, futa uanze upya. Chuma ulichonunua ni chako, programu ya Google iliyomo sio yako, so usianze kuinakili wala kuigawa.

Kabla sijalipa hela niangalie nini?

Omba iwashwe mbele yako. Ikiwaka feni zitapiga kelele kama ndege inaruka kwa sekunde kadhaa kisha zitatulia, hiyo ni kawaida usiogope. Angalia kile kiskrini kidogo cha mbele, kikiwa bluu poa, kikiwa rangi ya chungwa kinakuandikia kosa, lisome. Angalia pawasaplai zote mbili zinawaka taa. Hesabu trei za diski maana wauzaji wengi wanatoa diski na kuondoka na trei zake, na diski bila trei haikai. Ufunguo wa mlango wa mbele ukikosekana sio mwisho wa dunia ila bei ishuke.

Nichague Linux gani? Mi nimezoea CentOS, niweke Rocky au Alma?

Hapa watu wengi wanakwama kwa hiyo nitaeleza kwa urefu kidogo. Rocky na Alma zote zinafuata Red Hat, kwa hiyo nikisema Red Hat nazo zimo. R710 ilitoka 2009, prosesa zake ni Xeon za 5500 au 5600. Ni 64 bit kwa hiyo ile habari kwamba Debian 13 imeacha kutoa installa ya 32 bit haikuhusu kabisa. Shida iko sehemu mbili.

Ya kwanza ni kontrola ya diski. Nyingi ya hizi mashine zina PERC 6/i, na Red Hat kuanzia toleo la 8 waliondoa kadi hiyo kwenye draiva yao, so unabuti installa ya Rocky au Alma vizuri kabisa, unachagua lugha, unafika kwenye kuchagua diski, hakuna diski. Mtu anadhani diski zimekufa, ananunua nyingine, nazo hazionekani, hela imeenda. Diski ni nzima jamani, ni draiva tu. Kuna njia ya kupachika draiva kutoka ELRepo na inafanya kazi, lakini kila kerneli (kiini cha Linux) mpya ikija una wasiwasi.

Ya pili ni prosesa yenyewe. Red Hat 9 inataka kiwango kinachoitwa x86-64-v2 na hizi Xeon zinakifikia. Red Hat 10 inataka v3, yaani lazima prosesa iwe na AVX2, na hizi hazina. Alma 10 wao wametoa toleo la pembeni la v2, nawapongeza kwa hilo, ila bado unarudi kwenye shida ya kontrola.

Debian haina shida zote mbili. Kerneli yake bado inaijua PERC 6/i, bado inakubali prosesa hizi, na kuanzia Debian 12 installa rasmi inakuja na faimwea (programu ndogo zinazoendesha kadi) za netiweki humohumo. Hiyo ni muhimu maana poti nne za netiweki za R710 ni Broadcom zinazotumia draiva ya bnx2 na bila faimwea haziamki. Zamani ilibidi uwe na flashi ya pili yenye faimwea, siku hizi hapana. Ubuntu Server nayo inakubali ukipenda, mi nimebaki na Debian.

Ikiwaka inaniomba paswedi ya BIOS, na muuzaji haijui. Nifanyeje?

Hakuna anayeijua ndugu yangu, iliwekwa kiwandani ili mteja asiguse kitu. Inatolewa kwa jumpa, kile kijiplastiki kidogo kinachounganisha pini mbili kwenye bodi.

Zima mashine, chomoa waya za umeme ZOTE MBILI, narudia zote mbili, maana pawasaplai ni mbili na ukichomoa moja bodi bado ina moto. Subiri dakika moja hivi. Fungua kifuniko cha juu, kwa ndani yake kimebandikwa mchoro wa bodi, utafute palipoandikwa PWRD_EN. Hamisha jumpa kwenda upande wa kuzima paswedi, rudisha kifuniko, washa, iache mpaka imalize kujikagua. Hapo ndipo paswedi inafutika, kuhamisha jumpa peke yake bila kuwasha hakufuti kitu na watu wengi wanakosea hapo. Kisha zima tena, chomoa tena zote mbili, rudisha jumpa ilipokuwa.

Pembeni yake kuna nyingine inaitwa NVRAM_CLR, hiyo inarudisha mipangilio ya BIOS kama ilivyotoka kiwandani, itumie kama baada ya paswedi bado mambo hayaeleweki.

Ukiwa umeifungua hivyo badilisha na ile betri ya duara CR2032, inauzwa hata kwa fundi saa. Ikiwa imekufa mashine inarudi miaka ya nyuma kila ukichomoa umeme, afu apt inagoma kwa sababu inaona mafaili ya Debian yametoka siku ambayo haijafika.

Naunganishaje skrini? Sioni HDMI.

Haina. Ina VGA, moja mbele moja nyuma. Tafuta ile monita ya zamani yenye waya wa bluu, ofisi nyingi zipo zimelala stoo, na kibodi ya USB. Ukishamaliza kuinstoli hutaihitaji tena, kila kitu ni kwa SSH, yaani unaingia kwa komandi kutoka kompyuta nyingine.

Flashi naiandaaje?

Pakua netinst ya Debian ya amd64, installa ndogo inayovuta mengine kwa intaneti. Usichanganywe na hilo jina, amd64 ni kwa Intel pia. Kwenye Linux:

dd if=debian-netinst.iso of=/dev/sdX bs=4M status=progress conv=fsync

Jina la faili weka lako, na hiyo sdX ibadilishe baada ya kuangalia lsblk mara mbili, ukikosea herufi moja unafuta laptop yako. Kwenye Windows tumia Rufus na ikikuuliza chagua kuandika kwa namna ya DD.

Nimechomeka flashi lakini haibuti.

Bonyeza F2 inapowaka uingie BIOS kwanza uangalie poti za USB zimewashwa na kubuti ni kwa BIOS ya kawaida, achana na UEFI kwenye mashine hii, haikupi faida yoyote. Kuna na sehemu ya aina ya flashi ya USB, iweke kwenye Hard disk. Kisha washa tena ubonyeze F11. Sasa hapa pana mtego, flashi haijiorodheshi peke yake, imejificha ndani ya Hard drive C:, ukiingia hapo ndo unaiona.

Diski nazipangaje? Na kontrola naingiaje?

Wakati inawaka bonyeza Ctrl na R kwa pamoja. Utakuta diski pepe za zamani (diski kadhaa zilizounganishwa zionekane kama moja, ndiyo RAID), futa zote, tengeneza mpya. Kesi yangu ina nafasi 6 za diski za inchi 3.5. Ukiweka 6 za TB 2, kwa RAID 5 unapata TB 10, RAID 6 TB 8, RAID 10 TB 6. Mi kwa diski za mtumba siweki RAID 5 hata nikibembelezwa, maana zote zimechakaa kwa pamoja, moja ikifa na wakati unajenga upya ya pili ikafuata umepoteza kila kitu. RAID 6, au RAID 10 kama unataka spidi.

PERC 6/i haivuki TB 2 kwa diski moja. Ukinunua ya TB 4 itakuonyesha 2 tu, au igome. Ukitaka kubwa zaidi badilisha kontrola, H700 inakubali.

Na haina njia ya kupitisha diski moja kwa moja kwenda Linux. Wale wa ZFS (mfumo wa mafaili unaotaka kusimamia diski wenyewe) wanahangaika hapa, wanafanya kila diski iwe RAID 0 ya peke yake, inakubali lakini ZFS haioni diski yenyewe inaona kontrola. Kama kweli unataka ZFS tafuta kadi ya H200 iliyobadilishwa faimwea kuwa ya IT, inayopitisha diski moja kwa moja.

Diski zilizokuja nazo nizitumie?

Zikague kwanza. Kwa sababu kontrola iko katikati, smartctl ya kawaida haioni kitu, inabidi uandike hivi:

smartctl -a -d megaraid,0 /dev/sda

Hiyo 0 ni namba ya diski, nenda 1, 2 mpaka mwisho. Diski ya SATA ikionyesha sekta zilizohamishwa nyingi, au zinaongezeka kila wiki, itoe.

Na jambo lingine ambalo kwangu ni la heshima: diski hizi zilikuwa zinasoma nyaraka za ndani za watu. Usianze kuchungulia. Futa kabisa, shred -v -n 1 /dev/sda, iache usiku kucha, asubuhi uendelee.

Nimeweka kila kitu lakini kuandika faili ni taratibu mno. Tatizo nini?

Karibu kila mara ni betri ya kontrola. PERC ina ramu yake ndogo ya kuhifadhi data kabla haijafika kwenye diski, na betri yake ili umeme ukikatika data isipotee. Betri ikifa kontrola inajiongeza, inaacha kutumia ile ramu, kila kitu kinasubiri mpaka diski imalize kuandika, ndo maana unaona uzito. Hapo haijaharibika, inakulinda. Mashine ya umri huu betri yake ni ya kubadilisha tu, na ukiikuta imevimba itoe siku hiyohiyo.

Unaweza kulazimisha iendelee kutumia ramu bila betri, mipangilio ipo na utaambiwa ufanye hivyo. Kwa huku kwetu umeme unakatika bila hodi, usifanye.

Wakati wa kuinstoli sina waya wa intaneti, nina bando la simu tu.

Simu ya Android ichomeke kwa USB, washa kushea intaneti kwa USB, mara nyingi installa inaiona kama kadi ya netiweki nyingine, ichague uendelee. Ila pale kwenye orodha ya programu toa alama kwenye desktop zote, kwa kubonyeza spesi, ubaki na SSH server na standard system utilities tu. Kwanza seva haihitaji desktop, pili bando litakwisha kabla hujafika nusu. Kama huna bando kabisa omba mtu akupakulie ile ya DVD.

Mwisho inauliza GRUB, ile programu inayoanzisha Linux, iwekwe wapi.

Soma vizuri hapo. Flashi yako wakati mwingine inakuwa sda na RAID inakuwa sdb. Angalia ukubwa na jina, chagua ile yenye PERC. Ukiweka GRUB kwenye flashi, ukiichomoa mashine haiwaki, na utalaumu Debian bure.

Poti za netiweki zinaitwa nini? Sioni eth0.

Utaona eno1 mpaka eno4, zinalingana na namba zilizochapwa nyuma.

Ramu naongezaje?

Ina sloti 18, tisa kwa kila prosesa, na inaenda mpaka GB 288. Ni DDR3 ya seva yenye ECC. Usichanganye zenye rejista na zisizo na rejista, haitawaka. Na ukiwa na prosesa moja tu zile sloti tisa za upande wa pili hazifanyi kazi, kuna mtu alinipigia usiku kwa sababu hiyo.

Inakula umeme kiasi gani? Nyumbani itanifilisi?

Tuseme ukweli, hii sio mashine ya kuwasha ikakaa nyumbani kuhifadhi picha za harusi. Kadiria wati 150 ikiwa imetulia, ikifanya kazi inapanda. Wati 150 saa 24 kwa siku 30 ni yuniti 108. Kwa Tanzania ile bei nafuu ya LUKU ya majumbani inaishia yuniti 75 kwa mwezi, so hii peke yake inakutoa humo kabla hujawasha hata friji. Chomoa prosesa moja kama huihitaji, punguza diski, itashuka lakini haitakuwa ndogo. Kama unachotaka ni kashea faili ka watu watatu, kompyuta ndogo ya mtumba inakutosha, nakwambia hivyo japo naipenda hii mashine.

Mahali inapolipa ni shule, chuo, ofisi yenye watu wengi, au mtu anayejifunza kazi ya seva.

Kelele je? Nimeona kuna komandi ya kupunguza feni.

Ipo, kwa ipmitool. Mi siipendi. Waliokaa nayo kwenye chumba cha baridi sawa, ila Dar mwezi wa pili chumba kina joto lake, ukishika feni zisizunguke unapika diski. Iweke chumba kingine, mbali na kitanda, mbele pawe wazi, na kila miezi michache ipulize vumbi.

Usalama wake ukoje, si prosesa za zamani zina matundu?

Zinayo, Meltdown, Spectre na wenzake. Kerneli ya Debian inaziba kinachozibika, andika lscpu uone mwisho kabisa orodha yote. Usikodishe mashine pepe kwa watu usiowajua juu ya chuma hiki, kwa matumizi ya ndani inatosha. Ukitaka kufunga diski kwa paswedi ukitumia LUKS jua kwamba Xeon za 5500 hazina AES-NI, sehemu ya prosesa ya kuharakisha kazi hiyo, itakuwa nzito, za 5600 nyingi zinayo na kuzibadilisha ni kazi ya dakika chache.

Kinachonitisha zaidi ni iDRAC, ile kompyuta ndogo ya ndani ya kusimamia mashine kwa mbali. Kwenye Dell za kipindi hiki inatoka kiwandani na jina root na paswedi calvin, dunia nzima inajua. Bonyeza Ctrl na E wakati inawaka uibadilishe, na kamwe usiipe anwani ya intaneti ya nje.

Wewe umeitumia kufanya nini?

Moja iko shuleni, sekondari ambayo intaneti yake inakuja na kuondoka. Nimeweka Kiwix, programu ya kusoma Wikipedia bila intaneti, ipo kwenye Debian, apt install kiwix-tools, nikapakua Wikipedia ya Kiswahili na ya Kiingereza, ya Kiingereza yenye picha inazidi GB 100 kwa hiyo nilipakua mjini nikapeleka kwenye diski ya nje. Kisha:

kiwix-serve --port=8080 /srv/zim/*.zim

Watoto wanafungua kwenye kompyuta za maabara au simu ya mwalimu kwa WiFi ya shule, bila bando, bila kusubiri. Boksi lilelile lililotengenezwa kutafutia nyaraka za kampuni sasa linatafutia wanafunzi mfumo wa mmeng'enyo wa chakula.

Na umeme ukikatika hapo shuleni?

UPS, na waya wake wa USB uchomekwe kwenye seva, kisha weka programu inaitwa nut, ukiipangia inaiamuru mashine ijizime vizuri betri ikikaribia kuisha. Usinunue UPS ndogo ya kompyuta moja, R710 inawaka na moto mkubwa sekunde za mwanzo na UPS ndogo inaweza kujikata palepale. Na umeme ukirudi, kwenye F2 pana sehemu ya AC Power Recovery, iweke iwake yenyewe, maana mwalimu anayeijua ile mashine sio kila siku yupo.